Mbili za Chini

Watu wa mtaa wa gereji walimwita Daftari, na hakukasirika. Kila gari lililoingia kwenye banda lake la mabati lilikuwa na daftari lake la jalada gumu, na ndani yake mliandikwa kila kitu: nati gani ilikazwa, mpira gani wa maji ulibadilishwa, tarehe gani, kwa nini. Mafundi wenzake walimcheka. "Huyu," walisema, "hata akipiga chafya anaandika saa." Alicheka nao, kisha akaandika.

Alikuwa na miaka hamsini na minne, mwembamba, maneno machache. Kuhusu kichwa chake mwenyewe aliamini jambo moja tu, kwamba si cha kuaminiwa. Kichwa huchoka, huona njaa, huitwa na mtu mlangoni. Kwa hiyo alipofanya kazi aliweka daftari wazi mezani, akasoma mstari, akaufanya, akautia alama ya vema, akasoma unaofuata. Kisichoandikwa hakukifanya. Kwa mtindo huo alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na minane, na hakuna gari lililowahi kurudi kwake na lawama.

Katika magari yote alilipenda moja. Lilikuwa gari dogo la spoti, la viti viwili, rangi ya tofali, paa la turubai, fupi kiasi kwamba mtu mzima alilazimika kujikunja kama barua ili aingie. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yake. Mtaani liliitwa Kiroboto kwa jinsi lilivyokuwa likirukaruka kwenye mashimo. Mwenye gari alikuwa daktari wa meno mstaafu, mzee mtanashati mwenye kofia ya ngozi, aliyelinunua akiwa kijana na hakutaka kusikia habari za kuliuza.

Magari ya siku hizi hayaombi kitu chini yake. Viungo vyake vimefungwa kiwandani, vikichoka vinatupwa. Kiroboto alikuwa wa zamani. Kwenye viungo vya magurudumu yake kulikuwa na nipeli, vile vichuchu vidogo vya chuma ambavyo mdomo wa pampu ya grisi hubanwa juu yake. Kila baada ya miezi minne Daftari alilipandisha gari kwa jeki, akaliweka juu ya vigingi vya chuma, akalala kwenye kipande cha boksi. Alifuta kila nipeli kwa kitambaa ili asisukume mchanga ndani, akapiga pampu mpaka grisi kuukuu nyeusi itoke na mpya ya manjano ichungulie pembeni. Kisha aliiminya mipira ya maji kwa vidole viwili, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Mpira mgumu kama kuni umezeeka. Mpira laini kama uji unaumwa. Mpira mzima unakirudisha kidole chako.

Alhamisi ile Daktari alimleta Kiroboto kwa huduma ya kawaida, maana kesho yake alikuwa anavuka mlima kwenda mji wa pili kuonana na wenzake wa zamani.

"Fundi," alisema, "siku hizi usukani mzito. Nikikunja kona ni kama nasukuma kabati."

"Nitautazama, Daktari."

Aliutazama. Alikuta matairi ya mbele yana upepo pungufu, akayajaza. Kisha, kwa sababu mzee alikuwa amelalamika, alirudi kwenye nipeli mbili za chini, zile zinazokaa mahali gurudumu linapogeukia usukani ukikunjwa, akazipiga grisi zaidi kuliko kawaida. Akatia vema.

Kilichomtia wasiwasi kilikuwa kingine. Mpira wa chini wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulikuwa umeanza kulainika. Alibadilisha klipu, akakaza, akaagiza mpira mpya ambao ungefika Jumanne.

"Ungesubiri Jumanne, Daktari."

"Wenzangu wananisubiri kesho, fundi, na wengine wao hawana Jumanne nyingi."

Hapo ndipo Daftari alipofanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akaomba upendeleo. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa na usaili wa chuo cha uuguzi katika mji uleule, kesho ileile, saa nane mchana. Angeweza kwenda kwa basi. Lakini baba alikuwa na hamu ya kumwona binti yake ameketi katika gari ambalo yeye alilitunza kwa mikono yake mwenyewe.

"Kama kile kiti cha pili hakina mtu..."

"Kina mtu tangu sasa," alisema Daktari. "Nitampeleka kama bibi harusi."

Asubuhi saa tatu waliondoka. Binti alivaa blauzi nyeupe ambayo mama yake, mshonaji, alikuwa ameipiga pasi mara mbili. Baba alimpa karatasi iliyokunjwa.

"Hii nini tena?"

"Soma."

Akasoma kwa sauti, huku akicheka. "Mkifika juu kabisa kwenye uwanja wa changarawe, zimeni injini. Subirini dakika thelathini kwa saa. Msiguse kifuniko cha rejeta kabla. Minyeni mpira wa chini. Ongezeni maji. Ndipo mteremke. Baba! Naenda kwenye usaili au ndio usaili wenyewe umeanza?"

"Dakika thelathini, mama. Si ishirini na tisa."

"Haya, mwalimu mkuu."

Kiroboto akanguruma, akaruka shimo la mlangoni, akapotea. Daftari alibaki amesimama na kitambaa mkononi, akitabasamu peke yake.

Alirudi ndani kuandika. Alitaka kujua ule mpira wa chini ulikuwa umedumu muda gani, aweke kumbukumbu. Katika daftari la sasa haukuwamo, maana daftari la sasa lilikuwa la miaka sita tu. Lile la kwanza lilikuwa limejaa, na limelala ndani ya sanduku la bati chini ya meza pamoja na mengine ya zamani. Akalitoa. Jalada lilikuwa jeusi kwa oili. Akafungua ukurasa wa orodha, mwandiko wake mwenyewe wa ujanani, nadhifu, nipeli kumi zimepangwa. Akageuza ukurasa kutafuta mipira.

Nyuma ya orodha kulikuwa na mistari miwili, imepigwa mstari chini kwa wino mwekundu.

"Mbili za chini: OILI YA GIA, si grisi. Hata kama zina nipeli. Daktari amenisomea kitabu cha gari. Grisi haifiki ndani kwenye nyuzi za skrubu, chuma kinakauka, kinashikana, mwisho kinakatika na gurudumu linalala."

Alisoma mara moja. Alisoma tena. Kisha akafungua daftari jipya. Orodha ilikuwepo, nipeli kumi. Juu yake neno moja: grisi. Nyuma ya ukurasa kulikuwa na mipira ya maji, imeanzia juu kabisa. Ile mistari miwili haikuwapo.

Aliikumbuka siku ile. Kichwa chake kisichofaa kitu kilimkumbusha sasa, baada ya miaka sita. Alikuwa ananakili madaftari yaliyojaa. Amemaliza orodha ya Kiroboto, binti yake akaingia mbio na fomu ya kidato cha kwanza, "Baba, jaza hapa, mwalimu anangoja!" Akajaza fomu, akatia sahihi, akafurahi naye. Aliporudi mezani akaanzia ukurasa unaofuata.

Miaka sita, mara tatu kwa mwaka. Vema kumi na nane zilizonyooka kama askari. Na jana usukani ulipolia kwamba umekauka, yeye aliongeza grisi.

Barabara ya mlima, upande wa pili, ilikuwa na kona kumi na nne za kuteremka, nyingine za kurudi nyuma kabisa kama pini ya nywele, na kando yake hakuna ukuta, kuna mawe yaliyopakwa chokaa tu. Kila kona ingekinyonga kile chuma kikavu. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia.

Akampigia binti. Simu ikaita, ikapokewa haraka.

"Mama, mwambie Daktari..."

"Ni mimi," alisema mke wake. "Mwanao kaisahau simu hapa kwenye cherehani, inachaji. Kuna nini?"

"Hakuna."

"Mbona unahema?"

"Hakuna, mama watoto. Nitakupigia."

Simu ya Daktari haikupatikana. Daktari huzima simu akishika usukani, na Daftari ndiye aliyewahi kumsifu kwa hilo.

Akatazama saa ya ukutani. Saa nne kasoro robo. Kiroboto hupanda mlima taratibu, angefika juu saa nne. Dakika thelathini za kupumzika. Saa nne na nusu wangewasha. Hiyo ndiyo nafasi yote aliyokuwa nayo duniani, dakika arobaini na tano, na hata hizo zilitegemea kama mzee wa kofia ya ngozi na msichana wa miaka kumi na tisa wangeheshimu karatasi waliyoicheka.

Banda la jirani lilikuwa la fundi wa matairi, mtu mnene mwenye domo, jina lake Viraka. Yeye alikuwa na pikipiki.

"Viraka, nipeleke mlimani. Sasa hivi."

"Salamu huna? Nani kafa?"

"Bado."

Viraka alimtazama usoni, akatupa tairi alilokuwa nalo. Wakatoka nyuma. Pikipiki ilikuwa imeegemea ukuta, na tairi lake la nyuma lilikuwa limelala chini kama chapati.

"Fundi wa matairi!" Daftari alipiga kelele, yeye ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipiga kelele. "Fundi wa matairi wewe!"

"Kwani daktari wa meno hana pengo? Shika pampu!"

Walipiga upepo kwa zamu. Ukavuja. Viraka akalivua tairi, akatafuta tundu, akabandika, huku akijilaani kwa sauti ya chini na Daftari akisimama juu yake akihesabu dakika bila kutaka. Walipoondoka ilikuwa saa nne kamili.

Njiani Daftari alimweleza sikioni, upepo ukimrudisha maneno kinywani.

"Sasa grisi na oili si ndugu?" Viraka alipaza sauti. "Zote si mafuta?"

"Grisi inakaa mlangoni. Oili inaingia ndani."

"Na hii miaka sita yote mbona hakikukatika?"

"Kilikuwa kinangoja."

Viraka hakufanya mzaha tena. Alilala juu ya tangi na pikipiki ikalia kama inachinjwa.

Barabara ilianza kupanda. Daftari alichungulia kila mtaro. Kila kitu chenye rangi ya tofali kilimshtua: rundo la tofali zenyewe, blanketi lililoanikwa, udongo uliokatwa na greda. Kwenye kona moja aliona kioo kimevunjika barabarani, vipande vikimeta juani, na akamshika Viraka bega. Viraka akapunguza mwendo. Vilikuwa vya chupa.

Lori la saruji lilikuwa mbele yao, linapanda kwa mwendo wa kobe, na hapakuwa na nafasi ya kulipita. Viraka alipiga honi. Dereva akatoa mkono, akawapungia wasubiri. Wakasubiri nyuma ya moshi wake, kona baada ya kona. Daftari alitazama saa ya mkononi. Nne na dakika ishirini na tano. Alijikuta anasema na binti yake moyoni, si kwa maneno mazuri. Kaa hapo. Kuwa mkaidi kama ulivyo kila siku. Mnunie Daktari. Kojoa mara mbili. Fanya lolote, mama, ila usiondoke hapo.

Saa nne na nusu walikuwa bado nyuma ya lori. Aliiona mishale ikifika, ikapita. Alifikiri juu ya blauzi nyeupe. Alifikiri juu ya mke wake na cherehani, na simu iliyo juu yake ikichaji, na jinsi ambavyo angeingia mlangoni na kusema. Angesema nini? Kwamba nilikuwa nanakili? Kwamba niliitwa?

Lori likakata kushoto kwenye machimbo. Barabara ikafunguka.

Walifika juu saa nne na dakika thelathini na nane. Uwanja wa changarawe ulikuwa mpana, na kibanda kimoja cha kuuza maji na biskuti. Kiroboto alikuwapo. Injini ilikuwa inawaka, moshi mwembamba ukitoka nyuma, na pua yake ilikuwa imeelekea kibandani, sharti ageuke ili ashike barabara ya kuteremka.

Daftari aliruka kabla pikipiki haijasimama, akaanguka kwa magoti, akainuka, akaenda kusimama mbele ya gari na mikono miwili juu ya boneti.

"Zima! Zima, Daktari!"

"Fundi?" Daktari alivua miwani. "Umetokea wapi wewe?"

"Baba, kuna nini?" Binti alikuwa amekunja uso. "Tumefuata karatasi yako yote. Daktari alitaka tuondoke saa nne na dakika ishirini, mimi nikakataa, nikamwambia baba yangu atajua tu. Tena kifuniko kilikuwa bado cha moto, tukaongeza dakika saba. Sasa tunachelewa."

Daftari alipita pembeni, akafungua mlango wa upande wa binti, akamshika mkono. Hakuwa amemshika mkono tangu akiwa mtoto wa kuvushwa barabara.

"Shuka."

"Baba, blauzi, una grisi..."

"Shuka, mama. Nakuomba."

Binti alimtazama usoni, na akashuka. Kwenye mkono wa blauzi palibaki alama nne za vidole, nyeusi.

Ndipo Daftari akasema yote, amesimama kwenye changarawe, kichwa chini. Mbili za chini. Oili ya gia. Kitabu ulichonisomea mwenyewe, Daktari. Nilinakili, nikaruka. Miaka sita. Gari hili lisiteremke.

Daktari alisikiliza, uso ukibadilika rangi. Hakuwa mtu wa kuambiwa na mtu gari lake linaweza nini.

"Umepanda mlima mzima kuja kuniaibisha mbele ya binti? Gari limepanda kona zote hizo. Usukani mzito, ndiyo, mzito tangu zamani. Nina watu wananisubiri, huyu ana usaili, na wewe unaniletea habari za madaftari!"

"Niache nilipandishe jeki nikuonyeshe."

"Hakuna jeki. Ondoka mbele."

"Siondoki."

"Basi baki hapo. Narudi nyuma."

Akaingiza gia ya kurudi nyuma, akazungusha usukani kwa mikono miwili mpaka mwisho, mwendo wa mtu anayetembea. Kikasikika kitu kama mti mkavu unapovunjwa kwa goti. Pua ya Kiroboto ikashuka upande wa kulia, polepole, kama ng'ombe anayepiga goti. Gurudumu likalala kabisa chini ya bodi, tairi likitazama mbingu.

Injini ikazimika yenyewe. Muuza biskuti alitoka kibandani. Daktari alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

Binti alisogea ukingoni, akachungulia upande wa pili, kule barabara inakoteremkia. Alitazama muda mrefu kidogo. Alipogeuka alikuwa amejikumbatia.

Viraka ndiye aliyeokoa wakati. "Dada, usaili saa nane? Panda. Hii yangu haina nipeli hata moja, na tairi nimeliziba mwenyewe asubuhi hii, nina mashahidi."

Binti hakucheka. Alimkaribia baba yake, akaitoa ile karatasi mfukoni. Daftari alidhani atamrudishia. Aliikunja upya, akairudisha mfukoni, akapanda nyuma ya pikipiki akiwa na alama nne kwenye mkono wa blauzi. Walipozama kwenye kona ya kwanza Daftari aliwafuata kwa masikio, kona ya pili, ya tatu, mpaka mlio ukaisha.

Daktari alishuka, akaketi juu ya jiwe la chokaa. Kofia ilikuwa mkononi.

"Ungeweza kunyamaza," alisema baadaye. "Ningekufa nikidhani ni breki. Hakuna ambaye angejua."

"Ningejua mimi."

"Ndiyo." Mzee alitazama gurudumu lililolala. Hasira ilikuwa imemwisha, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi, yaani ile sauti ya upole aliyozoea kuwatolea wagonjwa kabla ya kuwaumiza. "Fundi, siku ile ulikuwa unanakili daftari langu tu?"

Daftari aliiona meza ya miaka sita iliyopita, rundo la madaftari yaliyojaa upande wa kushoto, mapya upande wa kulia, na fomu ya kidato cha kwanza katikati. Madaftari yalikuwa matano. Pikapu ya muuza maziwa. Teksi mbili. Lile gari la shule ya watoto wadogo, la madirisha ya bluu. Yote aliyanakili siku ile kwa haraka, alitaka kuwahi nyumbani wakapige picha na sare mpya.

"Hapana," alisema.

Alijipapasa mifukoni kutafuta kalamu na simu, akavikosa; simu ilikuwa imebaki mezani bandani. Akavuka uwanja hadi kibandani, akaomba simu, na mwenye simu alipomuuliza anampigia nani alisimama hapo akijaribu, kwa kichwa chake mwenyewe, bila kitu chochote mbele yake, kuikumbuka namba ya shule.